Chumba Kiko Tayari, Mtoto Bado Yuko Makaoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Temeke, na kwa sasa ninaishi Tabata pamoja na mume wangu. Ninaanza kwa kutaja nilikozaliwa kwa sababu mkanganyiko wangu umeanzia hapo. Mwaka 2005 niliondoka kwenda kusoma Marekani, nikakutana na mume wangu mjini Houston, yeye akiwa mtu wa Moshi, tukafunga ndoa, na baada ya miaka kadhaa sote wawili tukachukua uraia wa huko. Tulirudi Dar es Salaam mwezi Machi 2021 tukiwa na pasipoti za kigeni na vibali vya ukaazi. Tulipokwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuulizia taratibu za kuasili mtoto, mimi niliyecheza kombolela Temeke Mikoroshini niliambiwa kwa upole kwamba ombi letu litashughulikiwa kama la wageni, na kwamba ni lazima kwanza tutimize miaka mitatu mfululizo ya kuishi nchini. Tulisubiri tukaitimiza.

Mwaka jana tulielezwa habari za mtoto wa kike aliyekuwa katika makao ya watoto. Tulimtembelea mara tano. Mume wangu alipaka chumba rangi kwa mikono yake mwenyewe, akakata mbao na kuunda rafu ya nguo, na akafikia hatua ya kumwita mtoto yule jina la marehemu mama yake. Ndipo bibi wa mtoto alipojitokeza kutoka Kilosa, akathibitishwa, na mtoto akarudishwa kwa ukoo wake. Hakuna aliyetukosea, ninalifahamu hilo, lakini tangu siku ile mume wangu hajaingia tena katika chumba kile. Hupita mlangoni kama anayepita mbele ya nyumba ya jirani.

Mwaka huu tumeelezwa habari za mtoto wa kiume mwenye miezi 7, ambaye imeandikwa kwamba ndugu zake walitafutwa na hawakupatikana. Tunamtembelea kila Jumamosi kwa ruhusa. Ameanza kunitambua, nikiingia huacha kunyonya kidole na kunikazia macho. Kinachosubiriwa ni kibali cha malezi ya kambo, ili tumchukue nyumbani wakati shauri la kuasili likiendelea. Tumeambiwa tusubiri, na hatujaambiwa hadi lini.

Nilianza kununua vitu. Kitanda kidogo, chandarua, nguo, beseni, kila mwezi nikitenga kidogo katika mshahara wangu. Mama yangu mzazi alipokuja kutoka Mbagala na kuona kabati, hakugomba. Alitandika khanga sakafuni, akakunja kila nguo moja baada ya nyingine, akafunga furushi na kuliweka juu ya kabati nisikofikia. Aliniambia, "Mtoto hanunuliwi nguo kabla hajaingia ndani. Mara ya kwanza hukujifunza?" Maneno hayo yaliniuma kuliko alivyokusudia.

Mama ana rai nyingine inayonikosesha usingizi. Anataka niende Morogoro kwa mama mdogo kwa miezi michache, nivae magauni mapana, kisha nirudi na mtoto mgongoni ili majirani wajue nimejifungulia huko. Anasema watu wa mtaa hawana haja ya kujua mambo ya makao na mahakama, na kwamba mtoto mwenyewe atakua akiwa hana doa. Kuna wakati ninaona ana hoja, kwa sababu nimekaa kwenye ndoa miaka 14 na ninayajua macho ya watu katika kila harusi na kila maulidi ya mtoto wa mwenzangu.

Zaidi ya hayo, amejitokeza mtu anayejitambulisha kuwa anafahamiana na wakubwa, anayetaka shilingi 800,000 "za kulisukuma faili". Aidha, ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha na bado sijamwambia mwajiri wangu lolote.

Shangazi, je, niendelee kuandaa au niache hadi karatasi zitoke? Nifanye nini na mume wangu? Je, nikienda Morogoro nitakuwa nimekosea?

Ni mimi,
Msubiri wa Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nitakujibu kwa mpangilio wa uharaka na si wa maswali yako.

Huyo mtu wa shilingi 800,000 usimlipe hata senti, na usiendelee kumpokelea simu. Malipo halali ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo na hutolewa risiti. Yasiyo na namba wala risiti ni rushwa au ni wizi, na kwako wewe ni jambo baya zaidi kuliko yote mawili, kwa kuwa shauri la kuasili likionekana kuguswa na fedha, anayepoteza kwanza ni mtoto. Mweleze afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia faili lenu kwamba kuna mtu anatumia jina la ofisi. Hapo nimemaliza habari zake.

Sasa tuje kwenye kusubiri kwenyewe. Katika barua yako umeandika "karatasi zitoke" kana kwamba ni karatasi moja, na ninadhani sehemu kubwa ya fadhaa yenu imetokana na hapo. Mbele yenu kuna milango miwili. Wa kwanza ni kibali cha malezi ya kambo, ambacho kitamleta mtoto nyumbani kwenu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Wa pili ni amri ya kuasili itakayotolewa na Mahakama Kuu, ambayo ndiyo itakayomfanya awe mtoto wenu kisheria, na jina lake likaingia katika rejista ya watoto walioasiliwa iliyo chini ya Msajili Mkuu. Kati ya mlango wa kwanza na wa pili kuna kipindi ambacho mtoto atalala kitandani kwenu, atalia usiku na kucheka asubuhi, naye bado hajawa wenu mbele ya sheria. Mwanamke aliyejiandaa kwa mlango mmoja tu huchanganyikiwa sana katika kipindi hicho. Kwa hiyo maandalizi ya nguo, maziwa na chandarua ni ya mlango wa kwanza, na hayo huna sababu ya kuyasimamisha. Maandalizi ya jina jipya, ya kumtambulisha kanisani au msikitini, ya picha kubwa ya familia ukutani, hayo ni ya mlango wa pili, na yanaweza kungoja.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu asiye raia kumwasili mtoto wa Kitanzania kwa masharti. Miaka mitatu mfululizo mliyokaa ni sharti mojawapo. Mengine ni kumlea mtoto kwanza chini ya uangalizi, kutokuwa na rekodi ya jinai, kuwa na mapendekezo ya mamlaka ya nchi ya uraia wenu, na kuiridhisha mahakama kwamba nchi hiyo itaiheshimu amri itakayotolewa. Lakini sharti linalotangulia yote ni kwamba mtoto huyo awe hawezi kupata malezi yanayofaa ndani ya nchi. Ninajua inauma kwa mtu wa Temeke kuandikwa mgeni. Hata hivyo, sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na ofisi ile haikuwa na namna nyingine ya kukuandika. Sharti hilo la kwanza ndilo lililomrudisha binti yule Kilosa, na ndilo hilo hilo litakalowalinda ninyi siku za usoni, kwa sababu mtoto ambaye ndugu zake walitafutwa kwa dhati hataibuliwa na ukoo baada ya miaka mitano. Mwulizeni afisa, kwa heshima na bila kumshuku, ndugu wa mtoto huyu walitafutwa wapi, kwa muda gani, na kama tangazo lilitolewa. Ni haki yenu kufahamu, na jibu lake litamsaidia mume wako kuliko maneno yangu.

Mume wako ana msiba, mwanangu. Angalia ilivyokuwa: alimpa mtoto jina la marehemu mama yake, kisha mtoto akaondoka, na hapakuwa na tanga wala turubai, hakuna aliyeleta mchele, hakuna aliyekaa naye barazani akanyamaza pamoja naye. Ninyi wenyewe mlijikataza kulia kwa kuwa mtoto alikwenda mahali pema na kulia kungeonekana ni choyo. Kwa mwanamume wa umri wake, aliyelelewa jinsi wengi wetu tulivyowalea wavulana wetu, huzuni isiyopewa mahali pa kukaa hujikalia mlangoni, na mlango wenyewe ni huo wa chumba alichokipaka rangi.

Usimvute aingie, na usimwonyeshe nguo. Mpe kazi ya mlango wa pili, yaani ya karatasi. Awe na jalada moja lenye nakala za vibali vya ukaazi, cheti cha ndoa, taarifa za polisi, barua za kazi, vyeti vya afya, tarehe ya kila ziara na jina la kila afisa mliyezungumza naye. Aandike tarehe ya kumalizika kwa kila hati, maana shauri likirefuka kuna hati zitakazopitwa na muda, na anayegundua hilo akiwa tayari mahakamani hupoteza miezi. Mtu anayepanga karatasi za mtoto anamwandalia mtoto, hata kama mwenyewe hataki kulisema. Kisha, jioni moja ambayo hamna jambo lingine, mwambie waziwazi kwamba hata wewe unamkumbuka yule binti, na usiongeze neno. Nadhani hamjawahi kulisema hilo ninyi wawili.

Kuhusu mama yako na lile furushi, ninaomba usimhukumu haraka. Mwiko wa kutonunua nguo kabla mtoto hajaingia ndani ulitoka kwa wanawake waliozika watoto wachanga wengi, ambao walijifunza kutoitazama nguo mpya isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana mahali pengi mtoto alipokewa kwa khanga kuukuu ya nyanya yake, laini kwa kufuliwa, na nguo mpya zikaja baadaye kama zawadi. Mama yako alikuwa akikukinga wewe, na alichokosea ni ile sentensi ya mwisho, ambayo naamini aliijutia kabla hajafika kituo cha daladala.

Mwiko huo, ukiutazama vizuri, unakufaa hata kwa sababu zisizo za imani. Mtoto wa miezi 7 leo huenda akaingia kwenu akiwa na miezi 9 au 12, na nguo ulizonunua kwa ukubwa wa sasa zitakuwa zimembana. Chukua vichache vya mitumba, vya ukubwa wa mwaka mmoja, ukaviloweke na kuvifua vizuri; kitanda ulichonunua kinatosha; chandarua kibaki, kwa kuwa mbu wa Dar es Salaam hawasubiri kibali. Vingine Kariakoo haihami, na siku ukipigiwa simu unaweza kuvipata vyote kabla ya adhuhuri.

Lakini kuna maandalizi ambayo duka haliuzi, nami ningependa uyatilie mkazo kuliko kabati. Jumamosi hizi unazokwenda makaoni, acha kumtazama mtoto peke yake na uanze kutazama maisha yake. Anakunywa maziwa ya kopo ya aina gani, vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, na saa ngapi? Uji ameanza? Anayembembeleza humpigapiga mgongoni au humtikisa magotini, na humwimbia nini? Analala chali peke yake, au amebanwa na mwenzake? Andika. Akija nyumbani, kwa wiki za mwanzo usibadili maziwa wala saa zake, hata kama unaona yako ni bora zaidi, kwa kuwa siku hiyo atapoteza kila sura, kila sauti na kila harufu anayoijua, na ladha ya chupa itakuwa ndiyo kitu pekee kilichobaki palepale.

Chukua khanga yako moja ya kawaida, ilalie wiki nzima bila kuifua, kisha omba ruhusa ya kuiacha kwenye kitanda chake makaoni. Wiki inayofuata peleka nyingine na urudi na ile iliyokaa naye. Hiyo ndiyo itakuwa mbeleko ya siku ya kumchukua, na usiifue hata kidogo kabla ya siku hiyo. Watoto wa umri wake ndio kwanza wanaanza kuwaogopa wasiowajua, na pua zao hutambua kabla ya macho.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitarajii ni ukimya. Mtoto aliyezoea kulala katika chumba chenye vitanda kumi, walezi wanaopishana na kilio cha mwenzake usiku wa manane, ukimlaza peke yake katika chumba kizuri chenye feni inayozunguka taratibu atashtuka, naye hataweza kukueleza kwamba kinachomtisha ni utulivu wako. Hicho chumba kilichopakwa rangi kiache kwanza. Weka kitanda chake ndani ya chumba chenu, karibu na upande wako, alale chali bila mto wala midoli, na asubuhi acha vyombo vigongane jikoni kama kawaida. Unaona kwamba hata mlango ule unaomshinda mume wako hauna haraka ya kufunguliwa.

Omba pia uone kadi yake ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ziwe zimeandikwa, na inayofuata kwake ni ya surua na rubella akitimiza miezi 9, kisha ya pili akiwa na miezi 18. Kuhusu maziwa ya kopo, ambayo wewe hujawahi kuyakoroga: maji yachemke, unga utiwe maji yakiwa bado ya moto sana, yapozwe kabla ya kumpa, na yaliyobaki saa mbili zikishapita yamwagwe. Joto letu halina huruma na chupa iliyoachwa mezani.

Sasa Morogoro. Hapa sitazunguka: usiende. Wahenga waliposema mficha uchi hazai hawakuwa wakizungumzia makao ya watoto, lakini sijapata kuona mahali methali hiyo inapokaa sawasawa kama hapa. Kwanza, mnachunguzwa. Afisa ustawi wa jamii huja nyumbani, huzungumza na watu wanaowafahamu, na atarudi mara kwa mara wakati wa malezi ya kambo. Siku atakayokuta jirani anampongeza mama aliyejifungua Morogoro, ripoti yake itaandika nini? Pili, mtoto wa miezi 9 hafanani na kichanga, na wanawake wa Tabata wameshika watoto wengi mno kudanganywa na gauni pana. Watajua, na kwa kuwa mmewakataza kujua, watasemea pembeni.

Zaidi ya yote ni huyo mtoto mwenyewe. Mama yako anataka asiwe na doa, lakini siri ndiyo inayotengeneza doa, kwa sababu jambo linalofichwa kwa miaka 15 mtoto hulisikia kwa mwenzake siku ya ugomvi wa mpira, na tangu hapo hujiuliza ni mangapi mengine aliyodanganywa na watu aliowaamini. Nimepokea barua nyingi katika safu hii za watu wazima waliogundua wakiwa msibani, jamaa wakigawana majukumu ya marehemu. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba aliasiliwa. Walilalamika kwamba kila mtu alijua isipokuwa wao.

Hii haina maana kwamba mtaa mzima upewe faili. Majirani waambieni sentensi moja, ninyi wawili kwa pamoja, na muirudie bila kuongeza: "Tunatarajia kumlea mtoto, na Mungu akipenda atakuwa wetu." Habari za mama aliyemzaa, alikookotwa au alikoachwa, na afya yake, hizo ni mali yake. Zitunzeni hata dhidi ya mashangazi, nami nikiwemo. Umefanya vyema kutoziandika katika barua hii.

Badala ya safari ya Morogoro, mpe mama yako heshima nyingine anayoistahili. Mwambie unataka kukaa arobaini. Najua hukuzaa, lakini desturi hiyo ina hekima ambayo mtoto huyu anaihitaji kuliko mtoto aliyetoka tumboni mwako: siku 40 za kukaa ndani, mlango ukiwa na mwenyewe, wageni wakiingia kwa kipimo, na mtoto akishikwa na mikono michache tu. Katika siku hizo, anayemlisha, anayemwogesha na anayembeba awe wewe au baba yake, basi. Ndugu watakuja na zawadi na kila mmoja atataka kumpakata. Mama yako awe ndiye anayewapokea sebuleni, awape chai, na awaambie kwa sauti yake ya Mbagala kwamba mtoto yuko ndani ya arobaini. Nani atabishana naye? Mtoto aliyepita mikononi mwa walezi wengi huenda kwa kila mtu akitabasamu, na watu watamsifu kwa uchangamfu, kumbe bado hajajua aliye wake ni nani.

Hapo ndipo kazi yako inapoingia. Likizo ya uzazi ya siku 84 katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeandikwa kwa ajili ya mwanamke anayejifungua, kwa hiyo usiingie ofisini ukidhani ni yako moja kwa moja. Una siku 28 za likizo ya mwaka. Usiziguse kuanzia sasa. Mwandikie mwajiri barua mapema, umweleze kwamba unatarajia kukabidhiwa mtoto kwa tarehe isiyojulikana, umwombe akuongezee siku, hata kama ni bila mshahara, na umpendekeze mtu wa kukushikia vitabu vya hesabu. Waajiri wengine hutoa likizo kamili wakiombwa vizuri, na mhasibu anayeondoka ghafla katikati ya hesabu za mwezi haombi vizuri. Mume wako naye aombe zake.

Upande wa Marekani nitaugusa kidogo, kwa kuwa hamna safari ya karibu, ila jalada la mume wako liwe na ukurasa wake. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi, na amri ya Mahakama Kuu yetu peke yake haimpi mtoto visa ya huko. Sheria yao ya uhamiaji humtambua mtoto aliyeasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16 iwapo wazazi wamekuwa naye kisheria na kuishi naye kwa miaka miwili. Ipo pia njia ya watoto yatima inayopitia fomu za I-600A na I-600, yenye tathmini yake ya nyumba inayofanywa kwa utaratibu wao. Kwa kuwa mnaishi hapa, miaka miwili mtaipata mkiwa Tabata, lakini muulizeni wakili wa uhamiaji sasa, kabla ya shauri kusikilizwa, na si siku mtakapotaka kukata tiketi.

Mtoto endelea kumwita kwa jina analoitwa makaoni. Ndilo analogeukia.

Na lile furushi literemshe, ulihamishie katika sanduku lenye kufuli, umpelekee mama yako Mbagala Jumamosi hii mkitoka makaoni. Mwambie ni vitu vya mjukuu wake, akae navyo yeye na ufunguo wake, na kwamba siku simu ikilia, yeye ndiye atakayevileta.

Shangazi